Kamati ya Ujazo wa Vifuniko

Jumatatu, tarehe 4 Septemba mwaka 2000, mji wa Machakos uliamka na baridi kavu. Wingu moja jembamba lilikaa juu ya vilima vya Iveti mpaka saa mbili, likawatazama watu na mitungi yao, kisha likaondoka bila kuaga. Kufikia saa tatu jua lilikuwa limewaka, na vumbi la barabara ya Kathiani lilikuwa limeshaingia madukani kabla ya wateja.

Asubuhi hiyo Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji ya Ukanda wa Vilima, Bwana Bartholomew, alisimama kwenye ngazi za ofisi yake mbele ya wafanyakazi wote, akakohoa kidogo, na kutangaza kwamba shida ya maji mjini imekwisha.

Watu walitazamana. Wengine wao walikuwa hawajanawa uso.

"Maji yapo," alisema Mkurugenzi. "Yamekuwapo siku zote. Sisi ndio hatukuyatafuta mahali pake."

Mahali pake, akaeleza, palikuwa kwenye vifuniko. Kila bomba lililofukiwa ardhini lina mahali linapoishia, na hapo mwisho hufungwa kwa kifuniko cha chuma chenye tumbo la duara, kile ambacho mafundi hukiita kepu. Ndani ya tumbo hilo mna nafasi. Tangu mji upate mabomba, hakuna mtu aliyewahi kuihesabu nafasi hiyo.

"Maji ya tangini si ya kuaminika," aliendelea Mkurugenzi. "Jua linayanywa. Matope yanayanywa. Maji ya bombani nayo ni mpita njia. Leo yuko hapa, kesho yuko Masii. Lakini maji yaliyofika kwenye kepu, hayo yamefika mwisho. Hayana pa kwenda. Hayo, ndugu zangu, ni maji yenye makao ya kudumu."

Wafanyakazi walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kaloki.

Kaloki alikuwa Kaimu Afisa wa Mtandao wa Mabomba. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanawe wa mwisho, alipoulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba baba ni kaimu, na mwalimu akampa alama. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliomba kabla ya kula, kabla ya kulala, na kabla ya kufungua kabati la faili, kwa sababu ndani ya lile kabati mliwahi kutoka nyoka. Aliamini kwamba amri hutoka juu, na kwa kuwa juu hakuna mwisho, hakuwa na desturi ya kuuliza imeanzia ngazi gani.

Basi alipoteuliwa kuwa Mwandishi wa Kamati Maalumu ya Ukadiriaji wa Ujazo wa Ndani wa Vifuniko vya Miisho ya Mabomba, aliinamisha kichwa palepale uani na kushukuru.

Kamati ilikuwa na kazi moja. Ijumaa ya mwisho ya mwezi, Katibu kutoka makao makuu Nairobi angefika kuona jinsi Mamlaka ilivyopambana na ukame. Alitaka kuonyeshwa kiasi cha maji yaliyohifadhiwa kwa ajili ya wananchi. Tangi, kwa maneno ya Mkurugenzi, lilibaki na matope, na matope yasingependeza. Vifuniko vingependeza.

Mchana huo Kaloki alikwenda kula kwa Mama Zamzam. Jina lake hasa ni Halima, na hoteli yake iko karibu na stendi ya Masii: meza nne, benchi ndefu, chai ya tangawizi, ndengu na chapati. Babu yake alitoka pwani na mzigo wa vitambaa akasahau kurudi. Hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha Halima, bintiye Zamzam, na mama yake mzee ambaye alikaa siku nzima karibu na jiko akiwaambia wateja wasipoteze sukari.

"Habari ya hoteli, Mama Zamzam?" alisema Kaloki akikaa.

"Hoteli iko. Maji ndiyo hakuna. Leo nimeosha vikombe na maji niliyochemshia mayai."

"Basi nimekuletea habari njema." Kaloki alitandaza mikono juu ya meza. "Bomba lako liko na kepu pale mwisho, sivyo?"

"Liko."

"Ndani ya hiyo kepu kuna nafasi."

"Haya."

"Hiyo nafasi ndiyo maji."

Halima alifunua sahani ya chapati. "Bwana Kaloki, umekula asubuhi?"

"Bado."

"Nimejua." Akamwekea chapati mbili. "Sasa sikiliza na wewe. Afisa wa afya amepita hapa na kufuli. Amelitoa mfukoni akanionyesha, kubwa hivi, kama kichwa cha mbuzi. Anasema Ijumaa ya mwisho ya mwezi akija na mfereji wangu hautoi maji, anafunga hoteli. Hataki maji ya mtungi, anataka ya mfereji. Nimwambie nini? Achungulie kwa kepu?"

"Hapana, hapana! Kepu haifunguliwi. Ikifunguliwa, ujazo unapotea."

"Kwa hivyo maji niko nayo, lakini nikiyataka sina."

"Ee," alisema Kaloki kwa furaha ya mwalimu aliyeeleweka. "Hiyo ndiyo hifadhi."

"Wewe kula chapati," alisema Halima. "Kisha uniombee, kwa sababu mimi nikiendelea kuongea na ofisi yenu nitatukana."

Kaloki alimwombea. Alimwombea usiku huo na usiku uliofuata, kwa jina lake na kwa namba ya mita yake, ili pasitokee makosa.

*

Kamati iliketi Jumatano. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Wajumbe walikuwa Bi. Syombua wa takwimu na Bwana Musembi wa stoo. Fundi Ramzi, kijana wa mjini mwenye mikono mirefu, alihudhuria kama mwalikwa asiye na kura na asiye na kiti. Juu ya meza palikuwa na kepu moja kubwa ya chuma iliyotandikiwa kitambaa cha kijani.

Jambo la kwanza lilikuwa umbo. Ili ujue ujazo wa ndani wa kitu, ni lazima kwanza ujue kitu hicho kina umbo gani.

"Ni nusu ya mpira," alisema Mkurugenzi.

"Ni yai lililokatwa kwa urefu," alisema Musembi, ambaye hakuwa amekula.

Bi. Syombua aliigeuza ile kepu, akaitazama kwa jicho moja. "Mkubwa, mimi naona imebonyea hapa juu. Si mpira. Ni kama sufuria iliyokaliwa na mtu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Mpira unaingiza maji mengi. Hii yetu inaingiza kidogo."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Tupige kura."

Umbo lilipigiwa kura. Nusu ya mpira ilipata kura mbili, sufuria moja, na Mwandishi alijizuia kwa sababu ya cheo chake cha kukaimu. Yai lilikosa kura hata ya Musembi, kwa kuwa alimwona Mkurugenzi akimtazama.

Jambo la pili lilikuwa kipenyo. Hesabu za vitabuni zinasema upime upana wa ndani. Kaloki aliingiza rula, rula ikakwama shingoni.

"Huku ndani ni giza, mkubwa," alisema.

"Pima nje. Chuma ni kilekile."

Wakapima nje. Hivyo unene wote wa chuma ukahesabiwa kuwa maji, na ikaandikwa hivyo kwa mwandiko mzuri.

Jambo la tatu ndilo lililokula muda. Kepu ina tumbo la duara, lakini pia ina shingo iliyonyooka, ile sehemu inayolivaa bomba kabla tumbo halijaanza. Bi. Syombua aliuliza kama nafasi ya shingoni ni ya kepu au ni ya bomba, maana bomba lenyewe limeingia humo.

"Ni ya wote wawili," aliamua Mkurugenzi.

"Basi tutaihesabu mara mbili?"

"Tutaihesabu kwa haki. Kila mmoja apate yake."

Ramzi alicheka kwa pua, akaambiwa mwalikwa hacheki.

Hapo Bi. Syombua, ambaye alikuwa na tabia ya kufikiri hata nyakati za kikao, alisema, "Kwani tusijaze tu hii kitu maji, tuyamimine kwa jagi, tuone ni ngapi?"

Lilikuwa wazo jepesi mno kwa kamati ya ngazi ile. Hata hivyo Mkurugenzi, kwa moyo mkubwa, alimtuma Ramzi akalete maji. Ramzi alizunguka ofisi zote za Mamlaka ya Maji, akafungua mifereji yote, akarudi.

"Hakuna, bosi."

"Hata chooni?"

"Chooni ndiyo usiseme."

Hivyo kamati nzima ilihamia kwa Mama Zamzam, na ujazo wa kepu ukapimwa kwa chai. Halima alimimina kikombe baada ya kikombe ndani ya lile tumbo la chuma alilolisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Mama yake mzee alishika kichwa karibu na jiko.

"Wanaume wazima," alisema bibi. "Wanakunywa kwa bomba."

Kepu ilijaa mapema. Ilijaa mapema sana. Chai ilipofurika mezani, hesabu ya Kamati ilikuwa bado inadai karibu nusu nyingine.

"Asi!" alisema Bi. Syombua. "Si niliwaambia ni sufuria?"

Mkurugenzi hakubabaika. "Hii chai ina sukari?"

"Iko na sukari," alisema Halima.

"Basi si maji. Sukari inachukua nafasi. Mwandishi, andika: Kipunguo cha Sukari."

Kaloki aliandika. Sampuli ilihifadhiwa kwa kunywewa.

Musembi, aliyekuwa na njaa ya siku nzima, alikuwa ameikunja chapati yake ikawa kama bomba, na sasa aliikata katikati kwa mikono. Mkurugenzi alimshika mkono.

"Rudia."

"Nirudie nini, mkubwa?"

"Hiyo. Ulivyokata."

Musembi alichukua chapati nyingine, akaikunja, akaikata. Mkurugenzi alihesabu kwa kidole. Kabla ya kukatwa, chapati ilikuwa na miisho miwili. Baada ya kukatwa, miisho minne. Uso wake ulijaa nuru, na Kaloki, akimtazama, alihisi kwamba hata yeye ameguswa.

"Bomba moja lina miisho miwili," alisema Mkurugenzi polepole. "Tukilikata katikati lina minne. Kila mwisho unavaa kepu. Kila kepu ina ujazo. Kwa hivyo, ndugu zangu, maji yanaongezeka kwa kukatwa."

"Na yatapitaje?" aliuliza Halima, birika mkononi.

"Yatapita kwenda wapi, mama? Tumeshasema yako na makao ya kudumu."

*

Waraka ulitoka Ijumaa, na Mkurugenzi akautia sahihi kwa wino mwekundu. Ulisema kwamba kila bomba lililo chini ya Mamlaka, bila kubagua mtaa, dini, kabila wala cheo, likatwe katika sehemu zifaazo na kila mwisho uvishwe kifuniko. Mkurugenzi alikuwa ameliongeza neno "cheo" mwenyewe, kwa sababu lilisikika vizuri.

Kazi ikaanza. Ramzi na msumeno wake walipita mtaa baada ya mtaa, Kaloki nyuma yake akiandika. Mabomba yaliyokuwa yakitoa maji siku ya Alhamisi tu yakaacha kutoa hata hiyo Alhamisi. Ofisini, mstari wa maji yaliyohifadhiwa kwenye chati ulipanda ukutani mpaka ukalazimika kubandikiwa karatasi ya pili juu. Mtaa uliokatwa mara nyingi zaidi ulitunukiwa cheti.

Bomba la Halima lilikatwa mara tatu. Kaloki mwenyewe alimpelekea cheti. Alimkuta nyuma ya hoteli akishusha mtungi kutoka kichwani. Alikuwa ametoka mtoni, na vumbi lilikuwa limemchora michirizi usoni.

"Hongera, Mama Zamzam. Kepu sita mpya. Sasa wewe ni Mteja wa Hifadhi ya Juu."

Halima aliisoma ile karatasi yote, mpaka muhuri. Hakutukana. Kaloki angeona afadhali angetukana.

"Bwana Kaloki," alisema, "keshokutwa ni Ijumaa. Afisa wa afya anakuja na kufuli lake. Akifunga hapa, mama yangu nitamweka wapi? Ataketi karibu na jiko la nani?"

"Nimekuwa nikiomba."

"Najua unaomba. Hata mimi naomba. Lakini Mungu akileta maji leo, si yatafika kwa kepu yasimame?"

Kaloki alipapasa mfuko wenye waraka. Hili halikuwa kwenye waraka.

"Hebu niulize kitu kingine," alisema Halima akipangusa uso kwa ncha ya leso. "Hii bomba hapa, iliyopakwa rangi nyekundu. Inapita nyuma ya jikoni yangu kila siku, inapanda kilima. Mbona hii hamjakata?"

Kaloki aliligeukia. Alilijua. Lilikuwa bomba linalotoka moja kwa moja kwenye tangi na kwenda nyumbani kwa Mkurugenzi, kule juu kilimani kwenye bustani ya maua.

"Hiyo ni ya... ni bomba maalumu."

"Kwenye waraka wenu kuna maalumu?"

Kaloki alitoa waraka mfukoni. Akausoma mara mbili. Palikuwa na mtaa, dini, kabila na cheo. Maalumu haikuwamo.

"Mimi sijasema kitu," alisema Halima. "Nimeuliza tu." Akaingia ndani, na kile cheti akakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Alhamisi jioni hesabu zilifungwa, na zikaonyesha pengo dogo. Lengo alilokuwa Mkurugenzi amemwahidi Katibu lilikuwa limepungukiwa na kepu mbili tu, za kipenyo kikubwa. Kaloki alimpigia simu nyumbani. Huko kulikuwa na kelele za sahani, maana kesho yake mgeni angekula huko.

"Mkubwa, tumepungukiwa kidogo. Imebaki bomba moja tu ambalo halijakatwa."

"Sasa unanipigia simu ya nini? Kata!"

"Lakini mkubwa, hilo bomba ni—"

"Kaloki, uko na waraka?"

"Niko nao."

"Uko na msumeno?"

"Upo."

"Kata! Kesho asubuhi nataka lengo litimie. Na usiniulize tena swali dogo kama hilo. Ndiyo maana mtu anakaimu mpaka anazeeka."

Simu ikakatwa. Kaloki alipiga magoti ofisini, kati ya meza na lile kabati la faili, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu aliyepewa ruhusa mara mbili.

*

Ijumaa, saa nne kasoro, Kaloki na Ramzi walisimama nyuma ya jikoni ya Mama Zamzam, mahali ambapo bomba jekundu hujitokeza juu ya ardhi kwa hatua chache. Halima alisimama mlangoni. Ndani, afisa wa afya alikuwa ameshafika, ameweka kufuli mezani kando ya kikombe chake cha chai, akisubiri saa nne kamili kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu.

"Bosi, una uhakika?" alisema Ramzi.

"Tangulia, kijana. Bwana yuko nasi."

"Yupi? Yule wa juu mbinguni ama yule wa juu kilimani?"

"Kata!"

Ramzi alikata. Msumeno ulipenya, bomba likalia, kisha kikatokea kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu kazi ya kukata ianze. Bomba hili lilikuwa na maji.

Yalitoka kwa kishindo. Yalimpiga Ramzi kifuani yakamkalisha chini. Yaliruka juu ya paa, yakashuka upande wa pili kwenye stendi, na mtu mmoja aliyekuwa akijipanga kwenda Masii akapiga kelele kwamba mvua imekuja kwa upande mmoja.

"Mwaitu, mama yangu!" alipaza sauti Kaloki. "Vaa kepu! Ramzi, livishe kepu!"

Ramzi aliivisha. Kepu iliruka kama kofia ya mtu aliyepigwa kofi. Akaivisha tena, ikaruka tena, ikagonga bati.

"Haikai, bosi! Hizi kepu zimezoea mabomba yamekufa. Hii iko hai!"

Halima hakusubiri utaratibu. Alitoa sufuria zote, kisha beseni, kisha mitungi ya jirani. Zamzam alikimbia barabarani akiita watu. Muda si mrefu stendi nzima ilikuwa nyuma ya ile jikoni: wanawake na ndoo, mafundi wa viatu na makopo, wazee waliokuwa wakielekea msikitini wakanyoosha mikono wakatawadha hapohapo, wakimshukuru Mungu kwa sauti. Mama yake Halima alitolewa nje na kiti chake. Akaweka miguu majini, asitoe ushauri wowote.

Barabara ikajaa maji. Gari kubwa jeusi lililokuwa likielekea kilimani likasimama, na kutoka ndani yake akashuka mama mmoja mrefu mwenye miwani, ameshika viatu vyake mkononi. Alikuwa Bi. Asmaa, Katibu kutoka makao makuu.

"Haya maji ni ya nani?" aliuliza.

Kabla mtu hajajibu, pikapu ya Mamlaka ilishuka kilima kwa fujo, ikafunga breki kwenye tope. Mlango wa upande wa abiria ukafunguka. Bwana Bartholomew alitoka akiwa na joho la kuogea, kandambili moja, na povu. Povu lilikuwa kichwani, masikioni na kifuani. Macho aliyafumba kwa nguvu, maana sabuni ilikuwa imeingia ndani, na alitembea akiwa ametanguliza mikono mbele.

"Nani?" alipiga kelele. "Nani amekata maji yangu?"

Maji pekee ndiyo yaliyoendelea kuongea.

"Maji yako?" aliuliza Katibu kwa upole.

"Yangu! Ile bomba ni ya nyumba yangu! Imetoka kwa tangi moja kwa moja, nimeilaza mwenyewe, haijawahi kukauka hata siku moja!"

"Hata siku moja? Na ukame huu wote?"

"Mama, ukame ni wa huko chini! Mimi hata maua namwagilia!"

"Na wananchi je?"

"Wananchi wako na kepu!"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akazibwa mdomo na jirani yake ili wasikose neno.

Kaloki alipiga hatua mbele. Nguo zilimganda mwilini, lakini alisimama wima na kutoa taarifa kama inavyotakiwa.

"Mkurugenzi, maji yako hayajakatwa. Yamehifadhiwa. Kulingana na waraka na amri yako ya simu, bomba lako limepata miisho miwili mipya. Lengo limetimia."

"Kaloki?" Mkurugenzi aligeukia upande ambao Kaloki hakuwapo. "Kaloki, wewe ni mjinga?"

"Mimi ni kaimu, mkubwa."

"Na huyu mama anayeniuliza maswali ni nani?"

"Ni Katibu, mkubwa."

Povu likateremka polepole kutoka kwenye sikio la Mkurugenzi mpaka begani. Hakulipangusa.

"Bi. Katibu," alisema kwa sauti nyingine kabisa, "karibu Machakos."

"Nimekaribia," alisema Bi. Asmaa. "Nilikuwa nije kuonyeshwa maji yaliyohifadhiwa. Nimeyaona."

Mkurugenzi alijaribu kufungua jicho moja. Sabuni ikamkumbusha. Akaruka kwa mguu mmoja. "Maji! Jamani, mtu anipe maji ninawe macho, yanaungua!"

Halima alisogea na jagi lililojaa mpaka ukingoni. Mkurugenzi alisikia maji yakicheza ndani yake, akanyoosha mikono. Halima akalirudisha jagi nyuma.

"Pole sana, Mkurugenzi. Lakini si una kepu mbili mpya? Fungua moja unawe."

"Ikifunguliwa ujazo unapotea," alisema Kaloki. Alikuwa akikumbusha tu utaratibu.

Sasa kicheko kilivunja kila kitu. Afisa wa afya mwenyewe, aliyekuwa ametoka nje na kufuli lake mkononi, alicheka mpaka likamponyoka likazama kwenye tope, na hakuna aliyejitolea kulitafuta.

"Mama Zamzam, tafadhali," alisema Mkurugenzi.

"Nitakupa. Kwanza ahidi. Mbele ya hawa wote."

"Bi. Katibu, mwambie huyu mama..."

"Mwenye jagi ni yeye," alisema Bi. Asmaa. "Mimi hata viatu sijavaa."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Mamlaka itaunda kamati ndogo ya kutathmini uwezekano wa..."

"Aa-aa!" umati ulisema kwa pamoja, na Halima akamimina tone kubwa chini ili lisikike.

"Mamlaka kwa kushirikiana na wadau..."

"Aa-aa! Ongea kama mtu!"

"Ongea kama mtu anaungua macho," alisema bibi kutoka kwenye kiti chake.

Bwana Bartholomew alisimama kwenye tope na kandambili yake moja. Alitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza tangu awe Mkurugenzi hakuyapata yale marefu. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mpaka stendi:

"Mimi Bartholomew, nikiwa na sabuni machoni, nawaahidi: hii bomba leo inaungwa kwa mfereji wa Mama Zamzam, kesho kepu zote za mji zinatolewa, na mimi sitaoga tena kwangu mpaka mtu wa mwisho hapa Machakos awe ameoga kwake."